Umetuletea Nini Kutoka Mlimani?

Kwenda safari hakunichoshi. Kinachoniua ni kurudi.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Uganda. Nawachukua Entebbe, nawapeleka Kasese, nawashusha Nyakalengija pale njia ya kupanda Rwenzori inapoanzia. Wao wanavaa mabuti, wanashika fimbo, wanapotelea kwenye ukungu na matope wiki nzima. Mimi nabaki bondeni na gari, nakula ngege wa Ziwa George, mchana napiga usingizi. Mlima wenyewe nautazama kwa chini, tena siku ambazo mawingu yameamua kunionea huruma. Lakini nikifika nyumbani Bombo, mtaa mzima umeshajua nimetoka mlimani, na mkono mtupu, mnajua wenyewe, haulambwi.

"Umetuletea nini?"

Hakuna anayeuliza habari za barabara. Hakuna anayeuliza kama nimekula. Macho yote yako kwenye buti la gari. Kuna mtoto wa jirani aliniagiza theluji, eti niitie kwenye chupa. Nikamwambia theluji ya Rwenzori inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Akanijibu, "Si ndiyo maana uiwahi, mjomba?"

Huwa namfikiria sana yule Mwitaliano wa ukoo wa kifalme, Luigi, Duke wa Abruzzi, aliyefika kileleni mwaka 1906. Kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakipa jina la Margherita, malkia wa kwao. Kilichofuatia akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Mnaona akili hiyo? Malkia wawili, zawadi mbili, na hakubeba hata kikapu kimoja. Sasa mimi nirudi Bombo nimwambie shemeji yangu, "Shemeji, safari hii nimekupa kilima kule Kilembe, kinaitwa jina lako." Atanimwagia maji ya vyombo.

Basi nabeba. Na kununua kwenyewe ni vita. Pale Kasese nikisimama sokoni na watalii wangu, bei ni ya watalii. Nikirudi jioni peke yangu, nimevua kofia ya kampuni, naongea Kiswahili changu safi (kule kinaeleweka, biashara na Kongo ya pale mpakani Mpondwe hiyo), mama muuzaji ananitazama anacheka. "Si wewe uliyekuja na wale wazungu? Basi mfuko wao na wako ni mmoja." Mfuko wao! Mama, mimi hata bahashishi yao naisubiri mpaka siku ya mwisho uwanja wa ndege, na pengine wanaisahau kwa huzuni ya kuagana.

Hao wazungu nao wana mambo yao. Nikiwapeleka Kisoro, mtu analipa dola 800 kwenda kuwatazama gorila kwa saa moja. Halipi kwa kunung'unika, analipa anatabasamu. Akitoka msituni, yuko kibandani anakwaruzana na kijana mchongaji juu ya gorila wa mti wa shilingi elfu ishirini, anataka apunguziwe elfu tano. Gorila wa mti anakaa naye maisha yake yote, bwana! Na hageuki kukupa mgongo wakati wa kupigwa picha.

Zawadi zenyewe zinanigombanisha na watu. Mwenye nyumba wangu, Ssalongo, nilimletea kofia ya lubugo, ile nguo ya gome la mti. Ile si ya mlimani, naijua, niliinunua Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta tulipokuwa tunarudi kwa njia ya Mbarara. Lakini ni kitu cha heshima. Gome la mti wa mtuba linabanduliwa, linapigwa kwa nyundo za mti mpaka linalainika na kutanuka likawa nguo, na kazi hiyo UNESCO waliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Nikamwekea Ssalongo urithi wa binadamu mkononi. Akaugeuza. Akaunusa. Kwao Waganda, lubugo ndilo anafungwa nalo marehemu kabla ya kuzikwa.

"Dereva," akasema polepole, "una kodi ya miezi miwili hujalipa. Umeona njia rahisi ni kunizika?"

Mitalii mingapi nimeiona Kampala imevaa kofia hizo, hakuna aliyekufa. Ssalongo hataki kusikia. Kofia kamvisha mwanasesere wa kufukuza ndege kwenye mtama wake.

Afande, jirani yangu aliyestaafu jeshi, yeye hana habari na sanaa. Nikielekea upande wa Elgon kupeleka watu kwenye maporomoko ya Sipi, ananisubiri njiani amevaa kandambili. "Kijana, vinyago hapana. Malewa." Malewa, kwa asiyejua, ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, Wagisu wanayakausha kwa moshi. Ukiyaloweka, ukayachemsha, ukayaunga kwa karanga, utatafuna vidole. Afande ana haki ya kuyapenda. Lakini yeye hajasafiri nayo kutoka Mbale mpaka Kampala madirisha yamefungwa. Nilikuwa na Wajerumani nyuma. Karibu na Jinja mmoja akaniomba nisimame, eti waya za gari zinaungua. Wakashuka wote. Wakafungua boneti. Nikasimama nao, nikatazama injini kwa makini kabisa, nikasema nitaishughulikia. Kavera la malewa, mfuko wa plastiki, lilikuwa chini ya kiti changu.

Lakini hao wote ni kelele tu. Mtihani ni mama mkwe.

Mama ni Mnubi wa hapa hapa Bombo, na mkono wake katika kusuka hauna mpinzani. Kawa zake za kufunikia sinia, zile zenye rangi za kuwaka, ndizo zinazotoka kwenye harusi na Idi. Sasa mtu kama huyo unamletea kikapu? Mke wangu akasema nimletee, kumwacha bure ni dharau. Nikachagua kizuri kuliko vyote pale Kasese, cha Wakonzo, kimezungushwa rafia nyeusi na nyekundu ya kahawia. Nikampelekea kwa mikono miwili.

Hakushukuru. Alivaa miwani. Akakipindua kichwa chini, akaanzia kitovuni, pale mzunguko wa kwanza ulipofungwa, akawa anapitisha kidole gumba mstari kwa mstari, midomo inacheza. Akabinya ukingo. Akapenyeza ukucha katikati ya mizunguko kuona kama kiini cha mabua kinachungulia. Sisi wote kimya, mke wangu ameshika birika la chai hewani. Kufika robo tatu ya njia mama akasimama.

"Hapa alikasirika," akasema.

"Nani, mama?"

"Aliyesuka. Huku chini mkono umetulia. Hapa amevuta rafia kwa nguvu, tazama ilivyokaza. Halafu akatulia tena. Mume wake alirudi nyumbani hapa."

Akakiweka juu ya kabati. Akaniuliza bei. Kwa heshima nikapunguza, nikasema elfu thelathini. Mama akavua miwani. "Wazungu wananunua hivi? Elfu thelathini? Na kuna wanaolipa zaidi?"

Hapo ndipo nilipopata kazi ya pili isiyo na mshahara. Safari iliyofuata nilipewa kawa zake, zimefungwa kwenye shuka, nizipeleke mlimani zikauzwe. Nikamweleza kwamba Kasese wana vitu vyao, hawawezi kununua vya Bombo. Akasema, "Wewe waonyeshe tu." Nikawaonyesha watalii wangu siku waliposhuka, wachovu, wamejaa tope mpaka kwenye nyusi. Mama mmoja Mdachi akaishika ile ya zambarau na kijani, macho yakamlowa. Akasema amepanda siku zote hizo akitafuta kumbukumbu ya kweli ya Rwenzori, na sasa ameipata. Nilifungua mdomo nimwambie. Akataja bei. Nikafunga mdomo.

Mama mkwe alizihesabu zile pesa mara mbili, akanitolea ya soda, zilizobaki akazifunga kwenye pindo la kanga. Sasa amekusanya wanawake wenzake wa mtaa, ua wote umejaa ukili na ndoo za rangi. Kawa zimekuwa kubwa, haziingii tena kwenye buti. Mwenye kampuni ameanza kuuliza kwa nini gari la viti saba linabeba wageni wanne. Mama naye jana kaniita pembeni, kanikalisha, kanimiminia chai yenye tangawizi ya kutosha, akaniuliza kwa upole kama ni lazima kila mtalii apewe kiti chake.