Njia isishuke wima
Eti njia ya mazoezi ya kukimbia hapa Bukavu itapanuliwa kwa salongo (kazi ya pamoja ya wakazi) tatu tu, ishuke wima toka kilimani mpaka ziwani kwa kuwa ndiyo fupi. Hapo nakataa. Nakaa Kadutu, kijia cha nyuma ya nyumba yetu kilichimbwa hivyohivyo, na kabla mvua za Novemba hazijaisha kilishakuwa korongo, mtoto akiingia unaona kichwa tu. Maji yanapenda njia ya mkato kuliko sisi. Izunguke ubavu wa mlima, ukingo wa bondeni uwe chini kidogo maji yavuke, kwenye kona yapangwe mawe. Itakuwa ndefu mara mbili, lakini kwani si ya mazoezi? Nyie wa Bagira, salongo ikiisha, mifereji kwenu anazibua nani?