Mzazi anaogopa tiketi, hela inaishia kwenye bando

Msimu wa matamasha ukikaribia, kuanzia Novemba hadi mwaka mpya, lawama huwa ileile katika nyumba nyingi za Dar es Salaam: watoto wamerogwa na wasanii. Binti wa kidato cha tatu anataka 30,000 ya kiingilio. Kaka yake anataka fulana yenye sura ya msanii wake. Mzazi anayepiga hesabu ya ada, kodi ya nyumba na luku haoni kwa nini amchangie mtu ambaye tayari anatembelea gari la kifahari. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila wanaosema ushabiki unawafundisha watoto ubadhirifu hawajafuatilia mtoto aliyenyimwa hiyo 30,000 anafanya nini baada ya kununa siku mbili.

Anaanza kuweka.

Kuweka akiba tumewahubiria watoto miaka mingi, kwa methali na kwa mabango ya benki. NMB wana akaunti za watoto, CRDB wana Junior Jumbo, UTT AMIS, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji, wana Mfuko wa Watoto, na sasa hata mtaala wa sekondari una somo la Elimu ya Biashara. Yote mazuri. Lakini kwa mtoto wa miaka 14 yana kasoro moja kubwa: hayana tarehe. Weka kwa ajili ya baadaye, na baadaye ni lini? Tamasha lina siku, lina saa, lina bei iliyoandikwa, na lina adhabu kwa mzembe, kwa sababu tiketi ya mapema ni nafuu kuliko ya mlangoni. Hakuna mwalimu wa darasani aliyewahi kuwa na vifaa hivyo vyote kwa mpigo.

Tuichukue hiyo 30,000 kwa utulivu. Ukibakiza wiki kumi, ni 3,000 kwa wiki, yaani 600 kwa kila siku ya shule. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni 200, kwenda na kurudi 400, na hiyo haiguswi. Kwa hiyo 600 itatoka kwenye chipsi, soda, barafu na vocha. Mtoto aliyekuwa akipewa 1,500 na kuimaliza kabla ya kengele ya mwisho bila kujua imekwendaje, sasa anajua kila kitu anachokiacha kinauzwa bei gani. Siku hizi vipo vibubu vya mbao vilivyochapwa namba kwa nje, unakata namba kila unapotumbukiza. Mpe mtoto kibubu hicho bila sababu, kitakaa kabatini mpaka kishike vumbi. Mwambie kuna kiingilio cha Desemba, utamkuta anakitikisa usiku.

Halafu kuna mchezo, ambao mama zao na shangazi zao wanaucheza kila mwezi. Marafiki kumi, kila mmoja 3,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anapokea 30,000. Kijumbe ni mmoja wao, mwenye daftari na mdomo mkali. Hapa kuna elimu ambayo sijaona kitabu cha shule kikiieleza vizuri: anayepokea wiki ya kwanza amekopa, anayepokea wiki ya kumi amejiwekea akiba, na wote wawili wako kwenye mzunguko mmoja unaosimama kwa uaminifu tu. Wa kwanza akishapokea akaanza kukwepa, hana pa kujificha, kwa kuwa kundi ndilo hilohilo analoimba nalo. Mashabiki wa vikundi vya Korea Kusini wameonyesha nguvu hiyo inaweza kufika wapi. Juni 2020, BTS na kampuni yao walipotoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, harakati za kutetea watu weusi, mashabiki walichanga milioni nyingine kwa takriban siku moja.

Nikae kidogo kwa hao wa BTS, maana mabinti wa Dar wanaowafuata si wachache, na hao ndio wanaochekwa zaidi kuliko wote. Kundi lilitangaza kupumzika Juni 2022, mmoja wao, Jin, akaingia jeshini kwa utumishi wa lazima Desemba ya mwaka huo, na wa mwisho kumaliza utumishi, Suga, akatoka Juni 2025. Aliyekuwa na miaka 13 wakati wa tangazo alikuwa na 16 wote walipomaliza utumishi. Ni watu wazima wangapi wamewahi kungoja kitu miaka mitatu bila kukikopea? Tena huyu binti, kama alikuwa akiwekea albamu ya dola 20, alikutana na somo lingine bila kupenda. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Albamu ya 46,000 ikawa ya 52,000 na ushee, kabla hajaongeza usafirishaji na ushuru, na VAT peke yake ni asilimia 18. Shilingi ikapata nguvu mwishoni mwa mwaka huo. Binti aliyeona kibubu chake kinabaki palepale huku bei ikikimbia na kurudi, ukimwambia habari za thamani ya fedha atakusikiliza. Mwenzake aliyekariri kwa ajili ya mtihani hatakumbuka hata wiki moja.

Upande wa pili sasa, na sina nia ya kuupunguza. Biashara ya muziki haikuundwa ili mtoto aweke, imeundwa ili atoe. Albamu hizohizo za Korea hutolewa kwa matoleo kadhaa, na ndani mna kadi ya picha ya mwanakundi mmoja ambayo hujui ni ya nani mpaka ufungue. Ukikosa unayempenda, unanunua nyingine. Hamu hiyo haina tofauti kubwa na ya kijana anayesubiri mkeka wake wa kubeti ushinde. Huku kwetu kuna bando. Timu za mashabiki, za Diamond, za Alikiba, za Harmonize, hushindana kwa namba za YouTube: wimbo ukitoka unatazamwa mara kumi, ishirini, usiku kucha, ili msanii wao aonekane juu. Kisha zinakuja kura za tuzo, kisha mabishano ya mtandaoni yasiyoisha. Vyote vinakula data.

Hapo ndipo ninapoachana na wazazi wenzangu, kwa sababu hicho hakuna anayekipigia kelele. Bando la 500 kila siku kwa siku 60 ni 30,000. Ile ile. Tiketi ikiombwa inaitishwa baraza la familia, lakini 500 ya bando inatoka mfukoni bila swali kwa kuwa ni ndogo na mtoto atatulia. Kinachofundisha akiba katika ushabiki ni kile kilicho ghali, cha mara moja na chenye tarehe. Kile kinachodondoka kidogokidogo kila siku kinafundisha kinyume chake kabisa. Mzazi anayekataza tiketi na kuruhusu bando amezuia sehemu yenye faida na kuacha ile yenye hasara.

Pingamizi zito zaidi, kwangu, ni la tumbo. Kuna mtoto ambaye chipsi na soda hazipo kwenye bajeti yake, ana 400 ya nauli na labda 300 ya kitafunwa. Huyo akitaka tiketi ataweka nini? Ataruka chai ya saa nne. Au atatembea kwa miguu, Mbagala hiyo, afike nyumbani giza limeingia, na kwa binti hilo si jambo la kuchekea. Akiba inayotoka kwenye njaa sitaitetea kwa lolote. Kwa nyumba za namna hiyo mzazi anayesema hapana yuko sahihi, na ushabiki wa mtoto wake uishie redioni, ambako nyimbo hizohizo hupigwa bure.

Lingine ni mfano wa wasanii wenyewe. Mashabiki wanajua kwa moyo kwamba Diamond Platnumz alikulia Tandale na aliuza mitumba kabla ya jina kukua, lakini wanachokiona kila siku kwenye simu ni cheni, saa na magari. Kweli, hapo hakuna darasa la akiba. Sidhani kama vijana wanaangalia hizo cheni kama mpango wa matumizi, ila sitabishana na anayeogopa.

Ninachokataa ni dharau. Jiji hili linachangia harusi kwa kadi, kwa makundi ya WhatsApp na kwa vikao vya kamati, watu wanalipia sare watakazovaa jioni moja, na ukumbi ukifungwa hakuna anayesema fedha ilipotea. Mama zetu walimtunza mwimbaji wa taarabu noti mkononi. Baba ananunua jezi mpya ya Simba au Yanga kila msimu. Binti anayetumia akiba yake usiku mmoja wa Desemba hajatenda jambo geni katika ukoo. Tofauti ni kwamba yeye aliiweka kwanza, ilhali michango mingi ya harusi tunaikopea.

Swali gumu lililobaki ni fedha hiyo inakaa wapi ikisubiri. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, nacho hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo akiba ya mtoto ikienda kwenye simu inaingia kwa mama. Na kama mama anadaiwa Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, mfumo unaikata ilipoingia, bila kuuliza ilikuwa ya nani. Watoto wa Dar wanaijua vizuri kauli ya "lete nikuwekee", wameisikia kila Idi na kila Krismasi, na wengi wao bado wanaidai hiyo hela. Ndiyo maana wanapenda kibubu, ingawa mfumuko wa bei wa kama asilimia 3 kwa mwaka unakila polepole, na ndiyo maana wanamwamini kijumbe wa miaka 15 kuliko akaunti inayofunguliwa na kusimamiwa na mzazi. Benki zikitaka hizo mia sita za kila siku, zianze na hapo: mtoto aone salio lake mwenyewe, na mtu mzima yeyote asiweze kulitoa kimyakimya.