Kinundu cha Mita 45

Nasomea ubingwa wa radiolojia. Maana yake mchana nasoma picha za wagonjwa, usiku wa zamu nasoma picha za wagonjwa, na katikati ya hayo natakiwa nifanye utafiti, kana kwamba hiyo katikati ipo.

Mada yangu ilikuwa nyepesi kwenye karatasi: vinundu 64 vya mapafu, yaani madoa madogo ya mviringo, kwenye picha za sitiskani (CT), zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Mimi na mwenzangu tuvipime kila mtu kivyake, halafu tuone tunapishana kiasi gani. Kupima kinundu kuna adabu zake. Unachukua vipande vyembamba, visivyozidi milimita 1.5, kwa sababu kwenye kipande cha milimita 5, kinundu cha milimita 4 huchanganyika na hewa iliyokizunguka kikatoka kama moshi. Unaweka dirisha la mapafu, yaani mpangilio wa mwanga na giza unaoyafaa mapafu: upana 1500 na kitovu −600. Ukipimia kwenye dirisha la tishu laini, kingo zinaliwa na kinundu kinakonda bila dawa. Unapima mhimili mrefu, kisha mfupi unaoukata kwa pembe mraba kwenye kipande hichohicho, ndipo unatafuta wastani wa hiyo miwili. Yote hayo niliyafanya barabara. Kilichonishinda ni kuandika namba.

Jedwali nililijaza nikiwa zamu, kati ya simu moja ya dharura na nyingine. Ili kuokoa muda, vipimo viwili nikaviweka kwenye kisanduku kimoja: 6-5, 7-4, 14-9. Nitavitenganisha baadaye, nikajiambia. (Baadaye ya daktari wa zamu haijawahi kuonekana na mtu.) Jedwali lenyewe nilikuwa nimelibana pembeni mwa skrini ili picha ipate nafasi, safu ikawa nyembamba kama uzi, na kila nilichoandika kikageuka foleni ya alama #####. Nikajua ni ufinyu wa safu tu, nikaendelea.

Kumbe kompyuta ikiona 6-5 haioni kinundu, inaona tarehe 6 Mei ya mwaka unaoandikia. Na tarehe yenyewe inaihifadhi kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900. Kwa mwaka 2024, tarehe 6 Mei ni 45418. Programu ya takwimu ilipokabidhiwa safu ile haikuuliza swali. Ikaamini ni milimita, kwa kuwa juu ya safu niliandika mwenyewe "mm".

Saa 11 alfajiri matokeo yakatoka. Mimi sikutazama wastani, nilikimbilia mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika. Ulikuwa mdogo ajabu mbele ya huo wastani. "Vipimo vimetulia," nikajisifu, nikabandika kwenye slaidi. Vingeachaje kutulia? Mwaka ule ulikuwa na siku 366 tu, na vinundu vyangu vyote vilizaliwa ndani yake.

Saa 2 asubuhi, mbele ya idara nzima, Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Daktari, hebu rudisha slaidi moja. Wastani wa kinundu ni ngapi?"

"Ni elfu 45, mia nne na..." nikasikia sauti yangu inaniaga, "...ishirini, Profesa."

"Milimita?"

"Milimita."

"Yaani mita 45." Chumba kikanyamaza. "Tundu la mashine yetu lina kipenyo cha sentimita 70. Huyu mgonjwa mlimwingizaje? Mlimkunja?"

Kutoka viti vya nyuma mpiga picha wetu akawahi kujitetea: "Profesa, mimi siku hiyo sikuwa zamu."

Mwenzangu, aliyeandika vipimo vyake kwenye safu mbili kama mtu aliyelelewa, akauliza kwa upole mbona vinundu 9 havimo kabisa. Vilikuwa vile vikubwa: 14-13, 18-15 na ndugu zao. Hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo kompyuta iliviacha vikawa maandishi, na programu ikavihesabu kuwa havikupimwa. Kwa ufupi, katika utafiti wangu vinundu vidogo vilikuwa na urefu wa mita 45 na vikubwa havikuwepo duniani.

Kutengeneza nako kukawa kazi. Ukiigeuza safu iwe ya namba, unaona 45418. Ukiigeuza iwe ya maandishi baada ya kuandika, unaona 45418 ileile, sasa ikiwa na kiburi. Dawa ni kuichomoa siku na mwezi kutoka kwenye tarehe kwa fomula, kila kimoja kwenye safu yake. Namba kubwa ndiyo mhimili mrefu, maana mrefu hauwezi kuzidiwa na mfupi. Halafu unarudi kwenye picha kuhakiki kimoja kimoja, na hapo niliwashukuru walionifundisha kuhifadhi mistari ya vipimo juu ya picha yenyewe. Jedwali jipya nikalipa safu mbili, aina ya data nikaichagua kabla ya kuandika chochote, na nikaweka ukomo: chini ya 1 au zaidi ya 30, likatae. Kinachozidi milimita 30 hakiitwi kinundu tena, ni uvimbe.

Usiku huohuo nikiwa zamu, nikaandika 34. Likakataa. Nikaandika tena, likakataa. Nikapima upya kwenye picha: 34. Nikaanza kugombana na jedwali kwa sauti, nikiliita majina. Simu ikalia.

"Daktari, huku wodini. Yule mgonjwa wetu wa sitiskani ya kifua, majibu yake bado?"

Nikatazama skrini. Ile 34 ilikuwa yake. Hakuwahi kuwa kwenye utafiti. Muda wote nilikuwa najaribu kumwandikia ripoti ndani ya jedwali langu.

"Yapo, Sista," nikajibu. "Ila nilikuwa nayaandika pasipopokelewa."

"Hujayapima kwa mita, Daktari?"

Habari ilishafika wodini.