Dola Tatu Zinapigiwa Kelele, Nane Zinapita Kimya

Tangu Januari 2026, kwenye vioo vya maduka ya kutuma pesa nyumbani hapa Marekani kumebandikwa karatasi: ukilipa taslimu, ongeza kodi ya serikali ya asilimia moja. Na tangu Januari magrupu ya WhatsApp hayajalala. Sauti za dakika nne nne zinazunguka zikisema kwamba kodi ni asilimia tano, kwamba ni ya wasio na karatasi za uhamiaji tu, kwamba mwenye uraia hakatwi, kwamba hata ukituma kwa simu yako mwenyewe inakufuata. Yote hayo si kweli, lakini watu wanayafanyia maamuzi. Wapo wanaofunga bahasha na kumkabidhi msafiri aende nazo mpaka Nairobi au Kigoma. Hilo ndilo lililonikera hadi nikaandika.

Sheria ya kodi hiyo ilitiwa saini 4 Julai 2025 na inagusa pesa zinazotumwa nje baada ya 31 Desemba 2025. Muswada ulianza na asilimia 5 kwa wasio raia, Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa 3.5, na Seneti ikaushusha hadi 1 na kuliondoa suala la uraia. Kwa hiyo raia na mgeni wote wanakatwa sawa. Kinachoangaliwa ni umelipa na nini. Ukitoa noti, hawala ya posta, hundi ya benki au karatasi nyingine ya namna hiyo, unakatwa. Pesa ikitoka kwenye akaunti yako ya benki ya hapa, au kwenye kadi iliyotolewa hapa, hukatwi hata senti. Anayekata ni wakala anayezituma kwa niaba yako, naye ndiye anayeipeleka kodi serikalini.

Sasa mtazame anayelipa. Wengi wetu wenye programu ya kutuma pesa kwenye simu hatujaguswa kabisa. Anayelipa ni mama aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka miwili iliyopita na bado anaiogopa benki. Ni kijana anayelipwa mkononi kila Ijumaa kwa kuosha vyombo. Ni mzee asiyesoma Kiingereza, anayekwenda dukani kwa sababu mwenye duka anamwita baba na kumjazia fomu kwa Kiswahili. Sheria iliyosemwa kuwa ya wote imetua mabegani mwa walio chini kabisa. Ni dhuluma, na sitaitafutia jina laini. Mtu aliyebeba boksi usiku kucha ameshakatwa kodi ya mapato na makato ya hifadhi ya jamii kabla mshahara haujamfikia. Kile kilichobaki ni jasho lake, na akikigawa na mama yake si biashara hiyo hata itozwe.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba asilimia moja ni nafuu kuliko tano.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtoa ndugu yetu kwenye noti. Wengi wanaamini huwezi kufungua akaunti bila namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, na makarani wengine wa benki husema hivyo hivyo. Kanuni za serikali kuu zinaidai benki ichukue jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya utambulisho. Kwa asiye Mmarekani, namba ya pasipoti pamoja na nchi iliyoitoa inatosha. Kila benki ina masharti yake juu ya hayo, ndiyo maana ukikataliwa moja unakwenda ya pili. Vyama vya akiba na mikopo vya hapa, vinavyofanana na sacco zetu, mara nyingi ni wepesi zaidi kwa wageni. Nenda na pasipoti na barua yenye anwani yako, bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Uliza kabla ya kusaini: akaunti hii ina makato ya kila mwezi? Ada ya dola kumi kwa mwezi inazidi kodi unayoikimbia.

Kuhusu ITIN, ile namba ya mlipakodi inayoombwa kwa fomu W-7, nasita kumsukuma mtu asiye na karatasi. Aprili 2025 mamlaka ya kodi na Idara ya Usalama wa Ndani zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa. Hofu ya watu ina msingi, na anayewaita wajinga kwa kuogopa hajui anachokisema. Aulize kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji.

Lakini niseme lililonikaa moyoni zaidi, kwa sababu kodi hii imetufanya tusahau kisu kilichotukata miaka yote. Kisu hicho ni kiwango cha kubadilisha fedha.

Tuseme unatuma dola 300 kwenda Kenya, na sokoni dola moja ni shilingi 129. Nyumbani zilipaswa kufika 38,700. Wakala ameandika kwa herufi kubwa kwamba hatozi ada, ila kwa herufi ndogo anakupa 125.50. Zinafika 37,650. Shilingi 1,050 zimebaki njiani, yaani dola nane na ushee. Kodi mpya kwa dola hizo hizo 300 ni dola tatu. Ukituma kila mwezi, kwa mwaka kodi imekula dola 36 na kiwango kimekula karibu 98. Dola 36 zimeingia kwenye habari za saa mbili usiku. Hizo 98 hakuna aliyeziandika popote, hata kwenye risiti, kwa sababu risiti haikuonyeshi bei ya sokoni.

Shilingi elfu kumi na mbili na ushee kwa mwaka ni sare na viatu vya watoto wawili. Ni dawa za presha za mzee kwa miezi kadhaa. Inaniuma kila ninapoona tangazo la "bila ada" limesambazwa grupuni na mikono ya kushukuru.

Hesabu ya kujilinda ni moja tu: chukua shilingi zitakazofika, gawanya kwa dola zote zilizotoka mfukoni mwako, ada ikiwemo. Kampuni ya kwanza haina ada na inatoa 126: unalipa 300, zinafika 37,800, kila dola imezaa 126. Ya pili ina ada ya dola 3.99 lakini inatoa 128.20: unalipa 303.99, zinafika 38,460, kila dola imezaa 126.52. Mwenye ada ameshinda. Fanya hesabu hiyo kwa kampuni tatu ndani ya dakika zile zile, siku ya kazi, maana wikendi soko limefungwa na wengine hupanua pengo ili wajilinde. Na uirudie kila mwezi. Kiwango kitamu cha mara ya kwanza ni chambo. Angalia mara ya pili utakuta kimeshuka. Njia ya haraka kwa kadi pia huwa na kiwango kibaya kuliko ya kutoa kwenye akaunti inayochukua siku mbili tatu. Karo ya shule ina tarehe inayojulikana, haihitaji haraka ya dakika tano.

Kadi ya mkopo usiitumie. Benki nyingi huhesabu kutuma pesa kuwa ni kukopa taslimu: ada papo hapo, na riba kuanzia siku hiyo hiyo.

Dunia nzima ilishakubaliana kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba kufikia 2030 gharama ya kutuma isizidi asilimia 3. Afrika kusini mwa Sahara bado ndiyo eneo ghali kuliko yote, na Benki ya Dunia imeziweka mara nyingi njia za kutoka Tanzania kwenda kwa majirani zake miongoni mwa ghali zaidi duniani. Kutoka Tanzania kwenda Uganda, hebu fikiria! Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania Julai 2021 watu walipaza sauti, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kelele zinafanya kazi zikielekezwa mahali penyewe. Kenya ilipokea karibu dola bilioni 4.9 kutoka ughaibuni mwaka 2024, zaidi ya nusu yake kutoka Marekani. Wenye fedha nyingi kiasi hicho hawana sababu ya kupokea kiwango chochote wanachopewa.

Kwa Congo hesabu ni nyingine. Huko mara nyingi mpokeaji anapewa dola, kwa hiyo kiwango hakina pa kujificha. Mtego upo kwenye ada na kwenye kutoa. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, watu wakabaki na pesa ya simu huku noti zikiwa adimu. Unayetuma huko zungumza kwanza na mpokeaji: wakala wake ana noti leo? Na noti iliyochanika hata kidogo pembeni, sokoni wanaikataa.

Upande wa kupokea, tatizo kubwa ni majina. Laini ya bibi imesajiliwa kwa jina la mjukuu, wewe umeandika jina la bibi, muamala unagoma au unashikiliwa kwa uchunguzi. Andika jina kama lilivyo kwenye usajili wa laini, yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Kenya M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Pesa ya kiwanja ipeleke benki. Na ukituma, weka na ya kutolea.

Likiharibika, usikubali kuambiwa "subiri tu". Tangu Oktoba 2013 sheria ya hapa inamlazimu wakala akuonyeshe, kabla hujalipa, ada, kiwango na kiasi kitakachofika. Ukishalipa una dakika 30 za kufuta na kurudishiwa zote, mradi mpokeaji hajazichukua wala hazijaingia kwenye akaunti yake. Kosa likitokea una siku 180 za kulalamika, kuanzia tarehe waliyoahidi zingefika, nao wana siku 90 za kuchunguza. Risiti yake ipige picha ukiwa bado kaunta, maana wino wa karatasi zile hufifia kabla ya miezi sita kuisha.