Rhine Pasipo na Daraja

Kati ya Mainz na Koblenz, nchini Ujerumani, mto Rhine hupita zaidi ya kilomita 80 bila daraja hata moja. Ukiwa ukingo huu na roho yako iko ng'ambo, unasubiri kivuko. Kwa mkazi anayerudi kazini usiku hiyo ni kero, na sitaipamba. Ila kwa mtu aliyejipa siku nzima ya kutembea bila ratiba, naona ndiyo sifa kubwa ya bonde hili, kuliko hata ngome zake.

Wageni wengi hulitazama bonde kutoka juu ya meli. Sehemu inayosifiwa, ya Bingen hadi Koblenz, ina urefu wa kilomita 65 hivi, na tangu 2002 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ngome na magofu yake hukaribia 40. Meli inateremka na mkondo, kipaza sauti kinaita ngome moja baada ya nyingine kama mwalimu anayeita mahudhurio, na abiria wanahama upande huu wa sitaha kwenda ule. Nimewahi kuwa mmoja wao. Kufika saa nane mchana nilikuwa sitofautishi lolote. Picha nilizorudi nazo ni hivi: ngome, mwamba, ngome, kisogo cha mtu, ngome.

Mara ya pili nikajiwekea mpaka: kutoka Bacharach hadi Oberwesel tu, kilomita kama saba, na siku nzima ya kuzimaliza.

Ramani sikuihitaji. Kando ya mto kuna mbao kubwa nyeupe zenye tarakimu nyeusi, moja kila kilomita, zikihesabu umbali kuanzia kwenye daraja la Konstanz kule kusini. Zimewekwa kwa ajili ya manahodha, lakini mtembea kwa miguu naye anazifaidi. Bacharach iko karibu na 543. Tarakimu zikipanda, unafuatana na maji. Zikishuka, umegeuka na hujajua.

Bacharach yenyewe ni mji mdogo wa nyumba za mbao na plasta, ukuta wa kale, na juu ya kilima ngome ya Stahleck. Wanajeshi wa Ufaransa waliilipua 1689. Ikajengwa upya katika karne ya 20 na sasa ni hosteli ya vijana. Sikuipanda. Najua kuna watakaoshangaa, lakini nimefikia mahali pa kuamini kwamba ngome za Rhine zilijengwa zionekane na watu walioko chini, na mtu wa chini siku hiyo nilikuwa mimi.

Nje ya mji mizabibu inapanda mteremko mkali kiasi kwamba unajiuliza anayevuna anasimamaje. Udongo umejaa vipande vya mawe bapa ya kijivu, ambayo hunyonya joto la jua mchana na kulitoa taratibu jioni, na wakulima wa zabibu za Riesling wanayathamini kwa hilo. Uzuri huo una makelele yake, lazima niseme. Reli zimepita kingo zote mbili, na treni za mizigo zikipita bonde jembamba kama hili mngurumo hauna pa kukimbilia. Anayekuambia Rhine ni kimya alipita garini, vioo vimefungwa.

Muda wangu mwingi uliishia Kaub, mji mdogo wa ukingo wa kulia, na sijutii. Nilivuka kwa kivuko, nikaketi upande wa pili, nikaitazama ngome ya Pfalzgrafenstein iliyo kwenye kisiwa katikati ya maji. Ilijengwa kuanzia 1327 kwa kazi moja tu: kutoza ushuru. Mnyororo ulizuia njia, na mwenye chombo alilipa ndipo apite. Ncha yake ya upande maji yanakotokea imechongoka kama omo ya merikebu, ili kupasua mabarafu ya majira ya baridi. Vijitabu vya watalii hupenda kusimulia mashujaa na mabinti warembo. Mimi naona kizuizi cha barabarani chenye paa zuri. Nikikumbuka wachuuzi waliofunguliwa mizigo yao hapa, kisha tena mbele kidogo, kisha tena, nazielewa ngome hizi vizuri kuliko kipaza sauti kilivyonieleza.

Hapo hapo Kaub ndipo, mwanzoni mwa Januari 1814, jeshi la Blücher, jenerali wa Prussia, lilipovuka likimfukuza Napoleon, kwa daraja lililoungwa kwa mashua na kupitia kisiwa hicho. Askari walipokwisha pita, mto ukarudi kuwa wa vivuko.

Kaub pia ina kipimo cha kina cha maji ambacho wenye matishali hukiangalia kila siku kabla ya kupakia. Oktoba 2018, baada ya ukame mrefu, kilisoma sentimita 25. Sehemu ya kupitia vyombo huwa na kina zaidi ya tarakimu hiyo, lakini matishali yalilazimika kubeba sehemu ndogo tu ya shehena yao. Aliyezoea kuuona mto kama pazia la picha angepata somo siku ile.

Suala la kujenga daraja limebishaniwa kwa miaka mingi, hasa karibu na mji wa St. Goar. Wanaolipinga hutaja Dresden, ambako bonde la mto Elbe liliingizwa katika orodha ya UNESCO 2004 na kuondolewa 2009 kwa sababu ya daraja. Mimi ni mpita njia, na mpita njia hana kura. Wenyeji wakilijenga, nitalivuka. Ila nitazikosa zile dakika za gatini, watu wanne na baiskeli mbili, hakuna anayeweza kuliharakisha lolote.

Nilirudi ukingo wa kushoto, nikafika Oberwesel jua likiwa limeshuka nyuma ya vilima. Ukuta wa mji bado una minara 16. Karibu na mmoja wao, ulio kando kabisa ya maji, kuna taa za alama zinazowaarifu manahodha wanaopanda mto kama kuna chombo kinachoteremka nyuma ya kona, kwa kuwa mbele yake, kuelekea mwamba wa Loreley, mto unabanwa na kupinda na hawawezi kuonana. Nikakaa kwenye benchi nikijaribu kubahatisha: taa zikibadilika, nasema ni tishali refu, kisha nasubiri litokeze. Nilikosea mara nyingi. Treni yangu ikapita bila mimi, nikangoja ya pili.