Ndefu Moja, Fupi Mbili

Jamani, kama kuna mtu ana kitu chochote cha umeme kisicholia, aniuzie. Bei tutaelewana.

Juzi usiku umeme umerudi, tumeshangilia kama kawaida, kijana akabonyeza kompyuta yake ya gemu. Feni zikazunguka, mataa ya rangi yakawaka, sebule ikawa kama baa ya mwisho wa mwezi. Skrini nyeusi tii. Halafu: piiiip, pip, pip. Kimya. Piiiip, pip, pip.

Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hiyo gesi inavuja?" Nikamwambia gesi haipigi filimbi. "Basi lizime." Ushauri wake wote wa teknolojia ni neno hilo moja, na sijaona siku umeshindwa.

Kijana naye: "Baba, mimi sijaigusa." Likizo nzima analala nayo, anaamka nayo, hajaigusa.

Nikafanya kama mwenye nyumba. Nikavaa miwani, nikaizunguka, nikaipiga kofi la ubavuni, lile tulilokuwa tunazipigia televisheni za chogo zikanyooka. Ikalia vilevile.

Sasa hizi mashine mnazijua. Kabla hazijawaka zinajikagua: prosesa ipo? Ramu, ile kumbukumbu yake ya muda, ipo? Kadi ya picha ipo? Zikikuta kasoro wakati skrini bado giza, hazina pa kuandika, ndiyo zinalalamika kwa kispika kidogo cha ukubwa wa kifungo cha koti. Mambo haya yapo tangu IBM walipotoa PC yao mwaka 1981. Simu yangu inajua nimepita Buguruni bila mimi kuiambia, lakini kompyuta ya mamilioni ikiumwa inasema pip! Tena kila mtunga baiosi, ile programu ya kuiamsha kompyuta, kajitungia pip zake. Kwa Award, ndefu moja na fupi mbili ni kadi ya picha. Kwa AMI, fupi tatu ni ramu. Na fupi moja peke yake, mara nyingi maana yake ni "sijambo". Yaani hata mzima naye analia.

Asubuhi nikampigia fundi nikiwa kwenye daladala, nimening'inia mlangoni.

"Shikamoo mzee. Inalia vipi?"

"Marahaba. Inalia tu."

"Hapana mzee, niigizie."

Mimi. Mweka hazina wa kamati ya harusi, shati nimelipigia pasi usiku wa manane umeme usije ukanikimbia, niigize kompyuta mbele za watu. Nikashusha sauti. "Pip. Pip, pip."

"Sikupati mzee. Ya kwanza ni ndefu?"

"Piiip. Pip, pip."

"Ndefu kiasi gani?"

"PIIIIIIIIP! PIP! PIP!"

Dereva akakanyaga breki. Konda akagonga bodi: "Nani anashuka?" Hakuna anayeshuka. "Mzee, unashuka?" Nikamwambia sishuki, naongea na fundi. "Sasa kengele unatupigia ya nini?"

Mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa akanitazama kwa huruma ile wanayotazamwa wagonjwa, akanisogezea chupa ya maji. Nikakataa kwa heshima. Nyuma kabisa kijana akavua vidude vya masikioni: "Mzee, hiyo kadi ya picha. Ndefu moja, fupi mbili, Award hiyo." Jamaa mwenye begi la laptopu akageuka: "Award gani siku hizi? Hiyo ramu. Chomoa ramu, safisha meno yake kwa ufutio, rudisha." "Ramu ingelia mfululizo, piiip, piiip, piiip!" "Wapi! Ramu ni pip, pip, pip!" Wakaanza kupigiana. Huyu akitoa ndefu, yule anamrudishia fupi, na abiria wa katikati wanainamisha vichwa kupisha hoja.

Konda, ambaye kompyuta hana, akasema ya shemeji yake ililia hivyohivyo kumbe ni mende. Hapo ndipo gari lilipochafuka. Kumbe kila Mtanzania ana mende wake. Mmoja aliingia kwenye redio, mwingine kwenye maikrowevu mpaka kwenye kisaa cha namba, anaonekana anatembea kati ya dakika na sekunde. Mzee wa dirishani akatufundisha kwamba wanafuata joto. Mama wa dagaa akasema wanafuata uchafu, akanitazama tena, safari hii bila huruma.

Nikakumbuka simu iko hewani. Nikaiweka sikioni.

"Mzee," fundi anauliza taratibu, "hapo una kompyuta ngapi?"

Salio likakata. Kituo changu nilishapitishwa zamani.

Fundi alisema yuko njiani. Ile njia yao tunaijua. Alifika baada ya isha. Akafungua ubavu, vumbi lililotoka humo lingetosha kukandika kibanda. Waya wa umeme wa kadi ya picha ulikuwa umechomoka nusu. Akachomoa na kadi yenyewe, akaomba ufutio wa kijana, akasugua yale meno ya dhahabu, akairudisha ikasema ta, akaukandamiza waya. Ikawaka. Elfu thelathini. Nikamwambia ufutio ni wetu. Akapunguza elfu mbili.

Hatujamaliza kumsindikiza, umeme ukakatika, UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ikaanza. Pip. Sekunde chache, pip. Hiyo inanijulisha kwamba umeme hakuna. Ahsante sana, niko gizani, nimeona. Ukirudi, itapokea mita: uniti zinakaribia kwisha, maana mpangaji wa uani anapika maharage kwa umeme na tunachangia mita moja.

Na alfajiri ni zamu ya jirani. Ana gari la mtumba kutoka Japani, akiliwasha tu kuna dada humo ndani anaongea Kijapani kwa adabu zote. Miaka tulidhani ni salamu. Mke wa jirani alikuwa anamwitikia. Juzijuzi tukapata mtu wa kututafsiria: anasema kadi ya ETC haijawekwa, ile ya kulipia barabara kuu za kwao. Kadi ya barabara! Huku kwetu Segerea! Barabara ipi, dada? Hii ambayo bata wanaogelea katikati yake? Hii kazi yake ni kupimwa. Wanakuja na kamba, wanapima, wanakunywa soda, wanaondoka. Safari hii wamekuja na rangi nyekundu wakapiga X kwenye ukuta wangu. Ukuta wa jirani, uliotokeza kuliko wangu, msafi. Nimeuliza, nimeambiwa nisubiri barua. Barua ya kubomoa au ya fidia? "Barua tu, mzee." Na X yenyewe wameikita juu ya tangazo langu la chumba cha kupanga. Jana kaja mteja, akaisoma, akakitazama chumba, akaniuliza kama kitabomolewa kabla ya kodi yake ya miezi sita kwisha, au tutamwachia amalize kwanza.