Mfumo Unampunguzia Nani Kazi?

Mfumo mpya wa kompyuta unapokataliwa kazini, wakubwa husema watumishi wanaogopa mabadiliko, na watumishi husema mfumo ni mbovu. Pande zote mbili zina hoja. Ila mimi huanza na swali jingine: mfumo huo umempunguzia nani kazi, na umemwongezea nani?

Chukua GoTHOMIS, mfumo unaotumika Tanzania katika hospitali za halmashauri, vituo vya afya na zahanati za serikali. Pale unapofanya kazi mwanzo hadi mwisho, una faida kubwa. Mgonjwa akisajiliwa mapokezi, tabibu anamwona kwenye orodha yake, maabara inapokea maombi ya vipimo bila karatasi kuzunguka, na dirisha la dawa linajua aliyoandikiwa. Mganga mfawidhi anajua makusanyo ya siku bila kusubiri mtu ahesabu risiti. Muulize huyo kama ameridhika, atakujibu ndiyo, tena kwa haki.

Sasa mfuate muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kwenye kituo ambacho vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za karatasi za takwimu za afya, vinaendelea kujazwa sambamba na kompyuta. Mama mmoja anaandikwa mara mbili. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha kwa mkono ili takwimu ziingie DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya za nchi nzima. Umeme ukikatika katikati ya kliniki, anarudi kwenye karatasi, na ukirudi anaingiza upya aliyokwisha kuandika, huku foleni ikimtazama. Mfumo ni uleule, programu ni ileile, lakini kwake siku imekuwa ndefu zaidi.

Jambo hili lilielezwa zamani. Mwaka 1988 Jonathan Grudin, mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba programu nyingi za kazi za pamoja hushindwa kwa sababu anayefanya kazi ya ziada siye anayevuna faida. Mwaka huohuo watafiti Doll na Torkzadeh walitoa dodoso la kupima kuridhika kwa watumiaji, ambalo limetumiwa sana tangu hapo. Lina maswali 12 kuhusu maudhui, usahihi, mpangilio, urahisi wa kutumia na kupatikana kwa taarifa kwa wakati. Ni maswali mazuri, lakini mengi yanamhusu anayesoma taarifa, na hakuna hata moja linalouliza kama kazi ya anayeziingiza imepungua. Kwa dodoso la namna hiyo, ofisi inaweza kupata alama za juu huku muuguzi yule akiendelea kuchoka.

Upande wa wakubwa nao usikilizwe. Kutoridhika peke yake si ushahidi kwamba mfumo ni mbaya. Malipo yanapopita kwenye namba ya malipo ya serikali badala ya fedha taslimu mkononi, mianya inazibwa, na aliyekuwa akinufaika nayo hawezi kufurahi. Hapo malalamiko ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi yake. Pia miezi ya mwanzo ni migumu kwa kila mtu, na mfumo usihukumiwe kwa wiki zake za kwanza.

Hata hivyo, kisingizio cha hofu ya mabadiliko kimetumika kupita kiasi. Mafunzo mara nyingi hupewa mtu mmoja kwa siku chache. Akihamishwa, ujuzi unaondoka naye. Mfumo ukigoma, afisa TEHAMA yuko makao makuu ya halmashauri na ana vituo vingi vya kuhudumia. DeLone na McLean, watafiti waliochora kielelezo cha mafanikio ya mifumo mwaka 1992, walipokirekebisha mwaka 2003 waliongeza ubora wa huduma kwa watumiaji kama nguzo inayojitegemea. Mtu anayepigiwa simu na akapokea ni sehemu ya mfumo, na bajeti yake ipangwe pamoja na ya kompyuta.

Wapo wanaotetea vitabu kwa sababu umeme na mtandao si vya kutegemea kila mahali, na wana haki. Lakini basi wizara iamue wazi, kituo kwa kituo: hapa kompyuta ndiyo rekodi rasmi, pale kitabu. Uamuzi huo usipofanywa juu, unashuka hadi kwa muuguzi, naye anaubeba kwa kuandika vyote viwili.